Kutoka kPa hadi psi: jinsi ya kubadilisha vipimo vya presha kwenye tairi, pampu na geji

Fungua mlango wa dereva wa IST, Noah au Probox iliyotoka Japani, kisha angalia kwenye nguzo ya mlango. Kuna kibandiko chenye maandishi ya Kijapani, na katikati yake namba kama 230 na 2.3. Sasa nenda kajaze upepo. Geji ya fundi inasoma 10, 20, 30, 40. Ile 230 haimo, na 2.3 haionekani. Fundi anauliza, "Nikuwekee ngapi, bosi?" Wewe unajibu, "Weka ya kawaida." Ya kawaida kwake ni 30, au 35, au ileile aliyomwekea mteja aliyekutangulia, hata kama yule alikuwa na Hiace iliyojaa abiria.

Upepo wa kawaida haupo. Kila gari lina wake, na umeshaandikwa pale mlangoni. Kilichobaki ni kuuhamisha kutoka kipimo kimoja kwenda kingine, na kazi hiyo unaweza kuifanya kichwani, umesimama palepale karibu na kompresa. Unahitaji namba moja tu, 14.5, na mazoea ya kupitia bar kwanza kabla ya kwenda kwingine kokote.

Hatua ya 1: soma herufi kabla ya namba

Namba ya presha isiyo na herufi pembeni haina maana. Herufi utakazokutana nazo ni hizi.

Psi ni ya mfumo wa Kiingereza: uzito wa pauni moja ukikandamiza eneo la inchi moja ya mraba. Ndiyo iliyojaa kwenye geji za matairi na kompresa huku kwetu. Nyingine karibu zote ni za metriki. Ipo pascal (Pa), ambayo ni ndogo mno kwa kazi za gereji, kwa hiyo huandikwa kwa maelfu (kilopascal, yaani kPa) au kwa mamilioni (megapascal, yaani MPa). Ipo bar. Na ipo kilo kwa sentimita ya mraba, inayoandikwa kg/cm² au kgf/cm², ambayo Wajapani bado wanaiweka kwenye vibandiko vyao.

Kuwa mwangalifu na herufi kubwa na ndogo. MPa 1 ni bar 10. Lakini mbar, yenye m ndogo, ni sehemu moja ya elfu ya bar. Hapo kosa la herufi moja halikupeleki pembeni kidogo, linakutupa mbali kabisa.

Geji za kidijitali zina mtego wao. Zina kitufe cha kubadili kipimo, na aliyeitumia kabla yako huenda aliibonyeza bila kujua. Tairi lilelile litakuonyesha 33.4, au 2.30, au 230. Ukiona 2 na ushee kwenye tairi lililosimama vizuri, usikimbilie kujaza. Tazama herufi ndogo kwenye kona ya kioo.

Hatua ya 2: peleka kila kitu kwenye bar

Vipimo vya metriki ni ndugu wa karibu, na kuvihamisha kati yao ni suala la kusogeza nukta tu:

kPa 100 = bar 1, kamili kabisa.
MPa 0.1 = bar 1, nayo kamili.
kg/cm² 1 = bar 0.98.
Maji yenye kimo cha mita 10 = bar 0.98.

Kwa hiyo bar ndiyo stendi kuu: ukitoka popote unashukia hapo, halafu unapanda gari la psi. Kibandiko kinasema kPa 230? Hiyo ni bar 2.3. Kompresa ya Kichina imeandikwa MPa 0.8? Bar 8. Mashine ya kuoshea magari imeandikwa MPa 10? Bar 100, na hapo ndipo utaelewa kwa nini muuzaji mwingine anaitangaza mashine ya nguvu ileile kwa psi 1,450. Haijawa na nguvu zaidi, ni namba tu iliyonenepa.

Kwa kg/cm², wengi huihesabu kama bar moja kwa moja. Kwenye tairi sina ugomvi nao. Tofauti ni asilimia 2, na kwenye tairi la gari dogo haifiki hata psi moja. Kwenye kompresa inaanza kuonekana: kg/cm² 10 ni psi 142, wakati bar 10 ni psi 145. Ukiwa unaseti valvu ya usalama, usipuuze psi hizo tatu. Zidisha kwa 0.98 kwanza.

Utaona pia kwamba kibandiko cha mlangoni kinaweka kPa 230 na kg/cm² 2.3 kana kwamba ni kitu kimoja. Ukizishika kwa ukali, kg/cm² 2.3 ni kPa 225.6. Kiwanda kimekadiria. Fuata namba ya kPa.

Hatua ya 3: kutoka bar kwenda psi

Zidisha kwa 14.5. Namba kamili ni 14.5038, lakini hizo desimali za mwisho hakuna geji ya gereji inayozijua.

Kuzidisha kwa 14.5 kichwani kunachosha, kwa hiyo fanya hivi: zidisha bar kwa 15, kisha toa nusu ya bar zenyewe. Kwa bar 2.3, mara 15 ni 34.5. Nusu ya 2.3 ni 1.15. Toa, unabaki na 33.35. Mwambie fundi aweke 33, au mshale upite 33 kidogo.

Bar 2.2? Mara 15 ni 33, toa 1.1, inabaki 31.9. Hiyo ni 32.

Usiyetaka hesabu, nakili hizi kwenye simu au zibandike ndani ya mlango:

kPa 180 = bar 1.8 = psi 26.1
kPa 200 = bar 2.0 = psi 29.0
kPa 210 = bar 2.1 = psi 30.5
kPa 220 = bar 2.2 = psi 31.9
kPa 230 = bar 2.3 = psi 33.4
kPa 240 = bar 2.4 = psi 34.8
kPa 250 = bar 2.5 = psi 36.3
kPa 280 = bar 2.8 = psi 40.6
kPa 300 = bar 3.0 = psi 43.5
kPa 350 = bar 3.5 = psi 50.8

Hatua ya 4: kurudi kutoka psi

Mara nyingine safari ni ya kinyume. Una geji ya psi na kitabu cha gari kinazungumza kPa, au umenunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari inayoonyesha bar peke yake.

Psi 1 ni kPa 6.895, yaani saba kasoro kidogo. Zidisha psi kwa 7, kisha toa sehemu ya kumi ya psi zenyewe. Psi 32: mara 7 ni 224, toa 3.2, unapata kPa 220.8. Jibu la maabara ni 220.6. Ukitaka bar, rudisha nukta nyuma nafasi mbili: 2.2. Psi 120 za tairi la lori: 840 toa 12, ni kPa 828, yaani bar 8.3.

Hiyo 6.895 haikuokotwa. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine zilizokuwa zikitumia mfumo huo zilikubaliana kwamba pauni ni kilo 0.45359237 na inchi ni milimita 25.4, bila mabaki. Uzito wa pauni moja unakandamiza kwa nyutoni 4.448. Inchi moja ya mraba ni mita za mraba 0.00064516. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata pascal 6,895. Ukisahau namba zote lakini ukakumbuka pauni na inchi, unaweza kuijenga upya njia nzima.

Hatua ya 5: kadiria kwa akili

Simu itakuambia kPa 230 ni psi 33.35868. Mshale wa geji unatikisika ndani ya psi moja nzima, basi hizo desimali tano ni za nini? Kwa tairi, ishia kwenye namba nzima au nusu.

Kuna jambo moja usilikadirie kiholela. Namba ikiwa ni kikomo cha juu, kadiria kuelekea chini. Ikiwa ni kima cha chini kinachotakiwa, kadiria kuelekea juu. Tangi la kompresa lenye kikomo cha bar 8 ni psi 116. Usiseme "tufanye 120".

Sasa ubavu wa tairi. Pale utakuta maandishi kama MAX PRESS 300 kPa (44 PSI), au 350 kPa (51 PSI). Ukipiga hesabu, psi 44 ni kPa 303 na psi 51 ni kPa 352, kwa hiyo jozi hizo zimesawazishwa kidogo na watengenezaji. Kubwa zaidi ni kwamba hicho ni kikomo cha tairi, siyo upepo wa gari lako. Tairi lilelile linaweza kufungwa kwenye magari kumi tofauti, na halijui limefungwa kwenye lipi. Wapo wanaojaza 44 kwa sababu "imeandikwa kwenye tairi". Gari linarukaruka, katikati ya tairi inalika, na breki kwenye lami iliyolowa haishiki inavyopaswa. Namba ya kufuata iko mlangoni.

Spea ndogo, ile nyembamba ya dharura, ina namba yake kubwa: kPa 420, yaani bar 4.2, takriban psi 60. Ukiijaza 32 kama zile nyingine, siku ya pancha utaendesha juu ya tairi nusu bapa.

Na pima tairi likiwa limepoa. Gari dogo lenye psi 33 likipanda joto kwa nyuzi 10 za selsiasi huongeza kama psi 1.6. Ukipima baada ya kutoka Chalinze hadi Morogoro kwenye jua la saa nane mchana, ukaona 37, usipunguze.

Presha ya maji: mita nazo ni kipimo

Fundi bomba na muuza pampu hawazungumzi psi wala kPa. Wanazungumza mita. "Pampu hii inasukuma mita 35." Wanamaanisha kimo cha maji, na hicho nacho ni kipimo kamili cha presha. Mita 10 za maji ni bar 0.98. Mita moja ni psi 1.42. Ukigeuza, psi 1 inainua maji sentimita 70.

Kinachohesabiwa ni kimo cha wima tu. Bomba likizunguka nyumba mara tatu halikuongezei kitu. Linakupunguzia, kwa sababu maji yakikimbia yanasuguana na kuta za bomba.

Chukua tangi lililo juu ya mnara wa mita 6, maji ndani yake yakiwa na kina cha mita 1.5, na kichwa cha shawa kikiwa mita 2 kutoka chini. Maji yako mita 5.5 juu ya shawa: 6 jumlisha 1.5 toa 2. Hiyo ni bar 0.54, au psi 7.8. Kama boksi la hita ya kuogea linasema kima cha chini ni MPa 0.03, ipeleke kwenye bar: 0.3, yaani takriban mita 3 za maji. Una zaidi ya hapo, itawaka. Lakini weka tangi hilohilo juu ya dari ya kawaida, maji yakiwa sentimita 80 tu juu ya shawa, ndipo fundi anaitwa kila wiki kubadilisha hita ambayo haina ubovu wowote.

Kuhusu zile "mita 35" za muuza pampu: kibao cha pampu kikiandika H max 35 m, hiyo ni bar 3.4, kama psi 50. Ila hicho ni kimo ambacho maji yanafika na kusimama. Pale juu kabisa hakitoki hata kikombe. Ukihitaji maji yatoke kwa nguvu kwenye ghorofa ya tatu, tafuta mchoro wa pampu unaoonyesha lita kwa dakika katika kila kimo, na usinunue kwa namba ya kwenye kibao peke yake.

Mabomba yenyewe ni rahisi. PN ikifuatwa na namba ni bar: PN10 ni bar 10, PN16 ni bar 16, yaani psi 145 na psi 232. Hiyo ni kwa maji ya baridi. Bomba la plastiki likipitisha maji ya moto, uwezo wake unashuka.

Swichi ya pampu ya nyumbani mara nyingi huja imesetiwa iwashe kwenye bar 1.4 na izime kwenye bar 2.8. Kwa geji ya psi hiyo ni 20 na 40. Tangi lake la presha, lile lenye mpira ndani, hujazwa upepo psi 2 chini ya namba ya kuwashia: psi 18, au bar 1.24. Geji ya tairi inaingia vizuri kwenye valvu yake. Pima umeme ukiwa umezimwa na maji yameshamwagwa yote. Ukipima tangi likiwa na maji, unapima maji.

Gesi ya kupikia

Fupi tu. Regulata ya jiko la nyumbani inatoa presha ndogo sana. Iliyoandikwa mbar 30 ni bar 0.03, kPa 3, psi 0.44. Geji ya tairi haiwezi hata kuiona. Regulata za presha kubwa, za majiko ya hoteli na mama lishe wakubwa, zinaandikwa kwa bar. Kwa hiyo soma herufi kabla ya kufunga: anayechukua "bar 0.3" kwa kudhani ni mbar 30 amepeleka kwenye jiko presha mara kumi ya inayotakiwa.

Sifuri iko wapi?

Hapa ndipo hata mafundi wazuri wanateleza, kwa sababu hesabu inakuwa sahihi na jibu bado linakosea.

Geji ya tairi ikisoma sifuri haina maana kwamba ndani hamna hewa. Ina maana hewa ya ndani imelingana na ya nje. Hewa ya nje yenyewe inakandamiza: usawa wa bahari ni kPa 101.3, au psi 14.7, au milimita 760 za zebaki, au inchi 29.92 za zebaki. Geji za kawaida zinaanza kuhesabu juu ya hapo. Baadhi ya vihisi vya gari vinaanza kwenye utupu kabisa. Kabla ya kulinganisha namba mbili, hakikisha zote zinaanzia sifuri moja.

Mfano wa kila siku ni mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Washa swichi bila kuwasha injini, angalia kihisi cha MAP, kile kinachopima presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Dar es Salaam au Mombasa kitakuonyesha karibu kPa 101. Arusha kitaonyesha kama 86, na Nairobi kama 83. Hakijaharibika. Hewa ya huko juu ni nyepesi. Kwenye gari lenye turbo, mteja akisema "inavuta psi 15" na mashine ikasoma kPa 204, wote wawili wanasema kweli ukiwa pwani: psi 15 ni kPa 103, jumlisha 101 ya hewa ya nje. Gari hilohilo likiwa Nairobi na turbo ikasukuma psi 15 zilezile, mashine itasoma kama 186.

Hali hiyo inagusa hata matairi. Jaza psi 33 Mombasa, panda hadi Nairobi: hewa ya nje imepungua kPa 18, kwa hiyo geji ingepanda kama psi 2 na nusu kama joto lingebaki lilelile. Baridi ya juu inarudisha sehemu yake. Ndiyo maana upepo unapimwa upya ukifika, na siyo kutegemea wa jana.

Marubani nao wana kipimo chao. Marekani hutumia inchi za zebaki kuseti kipima kimo, nchi nyingi nyingine hutumia hektopascal. Inchi 1 ni hPa 33.86, na hPa 1 ni sawasawa na mbar 1, kwa hiyo inchi 29.92 ni hPa 1,013.

Inchi hizohizo za zebaki ziko kwenye geji ya buluu ya fundi wa AC, chini ya sifuri. Inchi moja ni kPa 3.39, takriban nusu psi. Fundi akivuta hewa kwenye mfumo kabla ya kujaza gesi, pampu isiyo na ubovu ikiwa Dar es Salaam inashusha mshale hadi karibu 30. Nairobi pampu hiyohiyo itagota karibu 24 na nusu, kwa sababu kPa 83 gawa kwa 3.39 ni hapo, na hakuna hewa nyingine ya kuvuta. Kabla hujanunua pampu mpya, piga hesabu hiyo.